Kisima Alichoonja Dima

Kila asubuhi nikiamka nasikiliza miguu yangu kwanza. Siku nyingine inakubali. Siku nyingine inauma hata kabla sijashuka kitandani, na bado nashuka.

Jina langu Bahiya. Nilizaliwa Kau, nikaolewa huku Garsen. Sasa ni mhudumu wa afya ya jamii katika kijiji chetu, nje kidogo ya mji. Kazi yangu ni kupita nyumba kwa nyumba nikisema maneno yale yale. Naweni mikono. Tumieni choo. Chemsheni maji. Watu wanajibu, "Sawa, daktari." Mimi si daktari, na wanajua. Nikigeuza mgongo tu, kila mtu anaendelea na mambo yake. Wallahi, kazi hii inachosha.

Asubuhi moja nilianzia kwa Mzee Dukicha. Dukicha ni Muorma, mfugaji wa ng'ombe. Anaishi na mkewe Mumina, mwanawe Galma, na Nasteha, mke wa Galma. Wakati huo Nasteha alikuwa mjamzito wa mimba yake ya kwanza.

Mumina alinikaribisha, akanimiminia chai ya maziwa. Nikaionja. Nikaitazama tena.

"Mumina! Chai tamu hivi? Maziwa hayakukatika leo?"

Mumina akacheka. Nilikuwa sijamwona akicheka siku nyingi.

"Maji mapya, dada Bahiya. Mzee amechimba kisima."

"Wapi?"

"Pale pale kando ya Ghala."

Ngoja niwaeleze Ghala ni nini. Huku kwetu maji ya chini ya ardhi yana chumvi. Ndipo watu wa mradi wa maji wakaja, wakachimba bwawa kubwa kwenye mchanga. Mto Tana ukijaa, mashine huvuta maji ya mto na kuyamwaga bwawani. Maji hunywea chini polepole. Huko chini yanakaa kwenye mchanga, yakingoja kiangazi. Sisi tukaliita bwawa hilo Ghala, maana ni mahali pa kuweka akiba.

Lakini tuliambiwa tusichote karibu na Ghala. Waliweka pampu ya mkono mbali sana, huko ng'ambo ya kijiji. Maji ya pampu hiyo yana chumvi kidogo. Ukipikia chai, maziwa yanakatika. Na pampu yenyewe ni nzito! Mwanamke ananing'inia kwenye mpini kwa mwili wake wote ndipo mtungi ujae. Halafu aubebe mpaka nyumbani.

"Mgongo wangu umekwisha, dada," Mumina alisema. "Nilimwambia mzee, mimi sitafika mwaka ujao na pampu ile. Akachukua sururu."

Mzee Dukicha akatokea zizini. Alikuwa amesikia.

"Daktari, umekunywa chai ya maji yangu?"

"Nimekunywa, mzee. Lakini nani amekwambia maji hayo ni mazuri?"

"Dima."

Dima ni ng'ombe wake mzee, mwekundu, pembe moja imekatika. Katika ukoo wa Dukicha, kisima kipya hakinywewi na mtu kabla ya ng'ombe mzee. Ng'ombe analetwa, anawekewa maji, watu wanasimama kimya wakimwangalia. Akinusa na kugeuza kichwa, kisima kinafukiwa. Akinywa, kisima ni halali ya watu. Baba yake Dukicha alifanya hivyo, na babu yake pia.

"Dima alikunywa mpaka tumbo imesimama," Dukicha akasema. "Ile pampu yenu alionja mara moja, akaondoka. Ng'ombe mzee hadanganyi. Nyinyi watu wa semina ndiyo mnadanganya."

"Kiswahili chako nacho, mzee, kinadanganya."

"Chako cha Kau ni kuimba, si kuongea."

Tukacheka. Nikawaambia wachemshe maji ya kunywa. Mumina akasema, "Chai si tunachemsha?" Nikasema chai sawa, na yale ya kunywa je? Wakaitikia wote pamoja, "Sawa, daktari."

Nikaenda nyumba nyingine.

*

Mvua za masika zikaja. Mto ukafurika. Maji yalipita kwenye vijiji vya juu, yakaingia vyooni, yakabeba kila uchafu. Mashine ya mradi ikawashwa, Ghala likajaa pomoni. Kisima cha Dukicha nacho kikajaa. Maji yake yalikuwa meupe, unaona mpaka chini.

Wiki zikapita. Galma akaanza kuumwa.

Kwanza ilikuwa uchovu. Galma ni kijana wa kutembeza ng'ombe kutwa, lakini sasa alikuwa akikaa chini kila baada ya hatua chache. Akawa hataki chakula. Akatapika. Mkojo wake ukawa kama chai ya rangi. Mumina alipoona macho ya mwanawe yamekuwa manjano, alifanya alivyofanyiwa yeye utotoni. Aliweka kijiti motoni, akamchoma kwenye kifundo cha mkono. Nilipofika nikakuta kidonda kibichi.

"Mumina! Umeongeza ugonjwa juu ya ugonjwa!"

"Nifanyeje, dada? Wewe ulikuwa hupo."

Nikaita bodaboda, tukampeleka Galma hospitali.

Walimpima damu. Daktari, daktari wa kweli, akaniita pembeni.

"Ni homa ya ini. Inaletwa na kirusi kinachopita kwenye maji yenye kinyesi cha watu. Huyu ni kijana mwenye nguvu. Apumzike, ale vizuri, anywe maji salama. Wengi hupona." Kisha akaniuliza, "Nyumbani kwao kuna mjamzito?"

Nikamkumbuka Nasteha.

"Yupo. Mke wake."

"Basi mwangalie sana. Kwa mama mjamzito ugonjwa huu ni hatari kubwa. Unaweza kumuua yeye na mtoto. Na kirusi hiki hakijionyeshi mara moja. Mtu anakinywa leo, anaugua baada ya wiki nyingi."

Nilirudi kijijini moja kwa moja. Nasteha alikuwa ameketi mlangoni. Nikamwuliza polepole, "Mwanangu, wewe unakunywa maji gani?"

"Ya kisima, mama. Ya baridi. Tangu mimba hii ianze sitaki chai, nataka maji tu."

"Yamechemshwa?"

Akatikisa kichwa.

Nikamvuta kope la chini, nikatazama jicho. Lilikuwa jeupe. Nikamwambia nitakuja kila asubuhi kulitazama. Hakuuliza kwa nini. Alikuwa ameshamwona mumewe.

Nikamgeukia Dukicha. "Mzee, kisima hiki kifungwe. Leo."

"Kwa sababu gani? Maji ni meupe. Dima ni mzima. Ng'ombe wote ni wazima. Galma amepata ugonjwa huko malishoni."

"Mzee, Nasteha akishikwa utamzika na mjukuu wako!"

Niliyasema kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka. Nasteha alisikia. Mumina akaja, mkono kiunoni, akaniuliza bila hasira, "Tukifunga, dada, nani atakwenda kwenye pampu? Mimi na mgongo huu? Au Nasteha na tumbo lile?"

Nilikaa chini kwenye mchanga. Miaka yote hiyo nawaambia watu chemsheni, chemsheni. Sikuwahi kumwuliza mtu nani anabeba maji, na nani anakata kuni.

*

Nilipiga simu kwenye mradi wa maji. Kesho yake akaja injinia Tuneya, mzaliwa wa Golbanti, na pikipiki iliyojaa vumbi, kompyuta mgongoni na chupa za maji kwenye begi. Alikwenda kwanza kisimani, akatazama, akavuta pumzi ndefu. Alikuwa amechoka kama mimi.

"Baba," Tuneya akamwambia Dukicha, "nimesikia wewe unajua maji kwa ulimi."

"Mimi najua. Dima anajua zaidi."

"Basi nisaidie."

Akapanga vikombe vinne juu ya ubao. Kimoja kilikuwa na maji ya Ghala. Kimoja maji ya kisima kipya. Kimoja maji ya bomba jembamba la kupimia, lililo katikati ya Ghala na pampu. Na kimoja maji ya pampu ya mkono. Yote alikuwa ameyachota mwenyewe asubuhi hiyo, akayachemsha na kuyapoza. Kuchemsha kunaua virusi, lakini chumvi inabaki.

"Sikuambii kipi ni kipi. Nipangie kutoka kitamu mpaka chenye chumvi."

Dukicha akaonja. Akatema kidogo, akaonja tena. Akasogeza vikombe bila haraka. Cha Ghala kikawa cha kwanza. Cha kisima chake kikafuata, karibu sawa. Kisha cha bomba la katikati. Mwisho, kwa uso wa kukunjamana, cha pampu.

"Hujakosea hata kimoja," Tuneya akasema.

Dukicha akanitazama mimi kwa majivuno. Nikageuza macho.

Tuneya akafungua kompyuta. Ilikuwa na picha ya kijiji chetu kutoka juu, lakini yenye rangi. Kwenye Ghala palikuwa pekundu. Rangi ilienda ikififia, ikawa ya machungwa, ikawa njano, mpaka kwenye pampu ikawa kijani.

"Hii kompyuta inaona chini ya ardhi?" Mumina akauliza.

"Hapana, mama. Haioni kitu. Sisi tunaieleza. Mchanga wetu uko hivi. Maji yanaelekea huku. Mtu akichota sana hapa, maji yanavutwa hapa. Virusi vinakufa kwa mwendo huu. Yenyewe inapiga hesabu, inachora njia. Halafu sisi tunapima maji ya visimani, tuone kama imesema kweli. Ikikosea tunaisahihisha."

"Na rangi ni nini?"

"Ni umri wa maji tangu yaingie ardhini. Pekundu ni machanga. Yametoka mtoni juzi tu. Kijani ni makongwe, yamekaa chini miezi mingi." Akamgeukia Dukicha. "Baba, tazama vikombe vyako, kisha tazama rangi."

Dukicha akainama. Akatazama huku, akatazama kule. Majivuno yakaanza kumtoka.

"Kile kitamu ndicho chekundu," akasema.

"Ndiyo. Maji ya mto ni matamu. Kadiri yanavyotembea chini, yanachanganyika na maji ya zamani ya chumvi. Kwa hiyo hapa kwetu, maji matamu ni maji machanga. Hayajakaa."

"Na kukaa kunasaidia nini? Mchanga si unachuja?"

"Unachuja uchafu wa kuonekana. Ndiyo maana kisima chako ni cheupe. Lakini kirusi ni kidogo mno, kinapita katikati ya chembe za mchanga. Nikuulize, ukipitisha mbuzi kwenye mathenge inakuwaje?"

Mathenge tunaujua wote, ule mti wa miiba uliotujazia njia na malisho.

"Wengine wanapita. Wengine miiba inawashika."

"Aliyeshikwa amekufa?"

"Hapana. Amekwama tu. Akivutwa, anatoka."

"Virusi navyo ni hivyo hivyo. Vingi vinashikwa na mchanga, lakini kushikwa si kufa. Yakija maji mapya, matamu, mengi, kama yale ya masika, vingine vinabanduka na kuendelea na safari. Kisima kikiwa karibu, vinafika kikombeni bado vina nguvu."

Dukicha akasema mwenyewe, polepole, "Mbuzi akikwama muda mrefu, hakuna mtu wa kumtoa, anakufa pale pale."

"Hapo umemaliza, baba. Kirusi hakizaani kikiwa majini wala mchangani. Kinazaana ndani ya mwili wa mtu. Huko chini kinachoka tu, kinakwisha kidogo kidogo. Kinachotusaidia ni umbali na muda. Ndiyo maana tuliweka pampu mbali."

"Kwa hivyo Dima amenidanganya?"

"Dima hakudanganya. Alisema maji haya ni matamu, na ni kweli. Habari ya virusi hukumwuliza, na kirusi hiki cha watu yeye hakimsumbui."

Mzee Dukicha akavua kofia yake, akaishika mikononi. Alimtazama Nasteha aliyekuwa ameegemea nguzo, kisha akaangalia chini. "Mimi nilitaka mama yenu apumzike," akasema. "Basi."

"Tunajua, mzee," nikamwambia. Na kweli nilijua.

"Nikisogeza kisima kidogo?"

Tuneya akaweka alama nyingine kwenye kompyuta. Tukangoja. Wekundu ukanyooka kama ulimi mpaka kwenye alama.

"Unaona? Kisima chenyewe kinavuta maji. Ukichota sana, maji yanakimbilia kwako kabla hayajakaa. Hapa bado ni karibu."

Mumina akakaa chini. "Basi ni pampu," akasema. Hakulalamika. Uso wake ulikuwa umechoka tu, na huo uchovu ulikuwa mbaya kuliko malalamiko.

Dukicha akanyanyuka, akaenda nyuma ya nyumba. Akarudi akimvuta punda wake. Punda huyo hubeba miti na mikeka ya nyumba wakati wa kuhama na mifugo, na Dukicha hakuwahi kumwazima mtu. Hata mimi aliwahi kuninyima, miguu ikiwa imevimba.

"Huyu atabeba maji," akasema. "Na kupampu, wanaume watapampu. Mimi nitaanza."

"Wewe, mzee?" nikamtania. "Mbele ya watu?"

"Nyamaza, daktari."

Kabla ya kuondoka Tuneya alituonya jambo moja. "Msije mkasema chumvi inaua virusi. Haiui. Hapa kwetu chumvi inatuonyesha tu kwamba maji yamekaa. Mahali pengine maji ya chumvi yanaweza kuwa machafu. Na haya ya pampu pia, hasa ya mjamzito, yachemsheni, au tieni dawa ya klorini kama ilivyoandikwa kwenye chupa."

*

Kisima cha Dukicha kikawa cha ng'ombe peke yao. Alikizungushia boma la miiba, na mtu akichovya kikombe anafukuzwa. Wanaume walicheka walipomwona kwenye pampu. Mwishowe vijana wakaona haya, wakaanza kupampu kwa zamu.

Lakini ya nyuma yalikuwa hayajatuacha. Maji aliyokwisha kunywa Nasteha yalikuwa tayari tumboni mwake. Kila asubuhi nilikwenda. Kila asubuhi nilivuta kope, nikatazama. Nikauliza, umekula? Mkojo una rangi gani? Yeye hujibu kwa sauti ndogo. Galma, aliyekuwa ameanza kupata nguvu, alikuwa akisimama nyuma yangu akingoja niseme. Nikisema "jeupe," anaondoka kwenda kwa ng'ombe. Sijapata kuchoka namna ile. Kutembea unapumzika, lakini kungoja hakuna pa kukalia.

Asubuhi moja nikamkuta Nasteha ameinama, anatapika. Mumina analia. Galma ameshika kichwa.

"Ile homa imekuja," Galma akasema.

Nikavuta kope. Nilitazama kwa muda mrefu, nikamgeuza kwenye mwanga, nikatazama tena. Jeupe. Kisha Nasteha akashika kiuno, akauma meno.

"Mumina, acha kulia! Huyu ana uchungu wa kuzaa!"

Tulimpeleka hospitali. Walimpima damu, hakuna kirusi. Kabla ya jua kuzama akazaa mtoto wa kike, mkubwa, mwenye kelele.

Nilimwuliza daktari kwa nini mume alishikwa, mke akaachwa. Akasema si kila anayekunywa anaugua. Ilikuwa bahati. Akaniambia nisiwaruhusu waitegemee tena.

Siku ya kumpa mtoto jina, Mumina alipika chai kwa maji ya pampu. Maziwa yalikatika, yakaelea vipande vipande. Mzee Dukicha akaitazama, akaonja, akakunja uso.

"Chai mbaya," akasema.

"Mbaya kweli," nikasema.

Akamaliza kikombe, akamwambia Mumina aongeze.

Ndani, Nasteha alikuwa amelala na mtoto kifuani. Aliamka akiwa na kiu. Mumina akamletea maji kwenye kikombe. Nasteha hakuyapokea.

"Yana chumvi, mama?"

"Yana chumvi. Na nimeyachemsha."

"Basi nipe."